Bondia akiwa kizimbani, ulingoni apande au asipande?

Wadau, nimekuwa kimya wiki mbili tatu hivi. Nilikuwa nyumbani Morogoro, mji kasoro bahari, na nimerudi na swali ambalo limenikaa kichwani tangu siku niliyoshuka Msamvu. Leo nataka tulijadili, na nawaomba mnivumilie maana linaanzia mbali.

Pale Msamvu nilikutana na kijana mmoja anayeuza vifaa vya simu nje ya stendi. Jina lake silitaji, naye hana haja ya kutajwa tena. Miaka kadhaa iliyopita alikuwa mchezaji wa timu moja ya madaraja ya chini pale mjini, winga wa kushoto, mwenye mbio za ajabu. Siku moja akapandishwa kizimbani kwa tuhuma za wizi wa pikipiki. Mimi ndiye niliyeiandika habari ile. Nilikuwa mwandishi mpya, nalipwa kwa habari iliyotoka, na mchezaji kizimbani ni habari inayotoka. Ikatoka na picha. Kesho yake timu ikamwambia asije mazoezini mpaka mambo yake yaishe.

Mambo yake yaliisha baada ya miezi kumi na moja. Mashahidi wa upande wa mashtaka hawakutokea, kesi ikafutwa. Nikaandika aya mbili za kusema kesi imefutwa, nikazituma. Hazikutoka. Mhariri aliniambia nafasi ilikuwa finyu, na mimi sikubishana naye. Wakati huo timu ilikuwa imeshasajili winga mwingine.

Sasa pale Msamvu aliniona, akanisalimia vizuri tu, akaniuliza, "Kaka, ile habari ya pili ilitoka lini? Mama alikuwa anaitafuta."

Sikuwa na jibu. Nilinunua chaja ambayo sikuihitaji, nikaondoka.

Basi tangu siku ile najiuliza. Mchezaji anayecheza kwa malipo akishtakiwa kwa kosa la jinai, asimamishwe kucheza wakati kesi inaendelea, au aachwe acheze mpaka mahakama iseme? Ukisema asimamishwe, unamhukumu kabla ya hakimu. Ukisema acheze, unamwambia aliyeumizwa kwamba maumivu yake yatasubiri mpaka ligi iishe. Nimejaribu kufuatilia wenzetu wamelifanyaje jambo hili kwa zaidi ya miaka mia moja, na sisi tumelifanyaje. Nilichokiona nawaletea hapa.

Tuanze na nyumbani, maana Morogoro tunayo kesi yetu kubwa.

Kwa waliozaliwa juzi, mji huu una historia nzito ya michezo. Mwaka 1975 Mseto ya Morogoro ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara na kuwa timu ya kwanza kuutoa ubingwa ule nje ya Dar es Salaam. Mtibwa Sugar kutoka Turiani ikauchukua mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Lakini sisi tuliokua miaka ya 2010 shujaa wetu hakuwa mcheza mpira. Alikuwa bondia, Francis Cheka, "SMG". Tarehe 30 Agosti 2013, pale Diamond Jubilee, alimshinda Mmarekani Phil Williams na kutwaa mkanda wa dunia wa WBF uzito wa super middle. Nilikuwa kidato cha pili. Asubuhi yake vijana tulikuwa tunakimbia kuelekea Rock Garden huku tunarusha ngumi hewani, akina mama wanaoshuka na ndizi na mboga kutoka milimani wanatupisha na kutucheka. Kila mmoja wetu alikuwa Cheka.

Julai 2014 mambo yakageuka. Cheka alidaiwa kumpiga meneja wa baa yake mwenyewe hapo Morogoro. Akashtakiwa kwa shambulio. Mwanzoni mwa Februari 2015 mahakama ikamtia hatiani na kumhukumu kifungo cha miaka mitatu jela. Habari ikaenda mpaka BBC. Kwetu ilikuwa kama msiba. Nakumbuka shuleni tuligawanyika makundi mawili. Kundi moja lilisema sheria ni msumeno. Jingine, na mimi nilikuwamo, lilisema bingwa wa dunia hafungwi kwa ugomvi wa baa.

Leo nikiangalia nyuma naona aibu kidogo. Kati ya Julai na Februari ni miezi saba. Katika miezi yote saba sikumbuki mtu hata mmoja mtaani kwetu aliyeuliza, je, mtu anayetuhumiwa kumpiga mtu aendelee kulipwa kwa kupiga watu? Na sikumbuki hata mmoja aliyeuliza hali ya yule meneja. Sote tulijua jina la Cheka. La meneja tulilisikia siku ya hukumu, tukalisahau jioni.

Kifungo hakikuisha gerezani. Cheka alitoka mapema kumalizia adhabu yake nje, na tarehe 27 Februari 2016 alikuwa ulingoni Leaders Club akimshinda Geard Ajetovic. Desemba mwaka huohuo alikwenda New Delhi akapigwa na Vijender Singh raundi ya tatu. Sina nongwa na hilo. Mtu akishahukumiwa, akatumikia, ana haki ya kurudi kazini kama fundi au dereva yeyote. Linalonisumbua ni ile miezi saba ya katikati. Nani alikuwa na kazi ya kuiamulia?

Jibu fupi: ilikuwa vigumu hata kujua umwulize nani. Ngumi za kulipwa wakati ule zilikuwa na vyombo vingi, TPBC, PST, TPBO, kila kimoja kikisimamia mapambano yake na kila kimoja kikijiona ndicho baba mwenye nyumba. Promota akikosana na huyu anahamia kwa yule. Chombo kimoja kingesema "wewe una kesi, kaa pembeni", bondia angevuka barabara akapata kibali kwingine. Baadaye ndipo ikaundwa kamisheni moja, TPBRC, chini ya Baraza la Michezo la Taifa, lile lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1967.

Kwenye mpira je? Huko chombo ni kimoja na kina meno, ila meno yenyewe yanauma vya uwanjani. Mwaka 2015 TFF ilimfungia beki Juma Nyoso, wakati huo akiwa Mbeya City, miaka miwili kwa kumdhalilisha mchezaji wa Azam uwanjani. Kosa lilionekana kwenye picha, kamati ikakaa, adhabu ikatoka bila kungoja hakimu. Hapo hakuna utata mkubwa, maana mchezo una haki ya kuhukumu yaliyofanyika ndani ya mchezo. Utata unaanza kosa linapofanyika baa, nyumbani au barabarani, mahali ambapo refa hayupo.

Na viongozi? Mnakumbuka mwishoni mwa Juni 2017. Rais wa TFF Jamal Malinzi na katibu wake Celestine Mwesigwa walifikishwa Kisutu. Wakati huohuo rais wa Simba, Evans Aveva, na makamu wake Geoffrey Nyange "Kaburu" nao wakafikishwa palepale. Mashtaka yalikuwamo ya kutakatisha fedha, ambayo kwa sheria zetu hayana dhamana. Hapo hakuna aliyehitaji kujiuliza kama wasimamishwe au la, maana mahabusu ilishawasimamisha. TFF ikamweka Wallace Karia kukaimu, Agosti uchaguzi ukafanyika Dodoma, Karia akashinda. Malinzi na Mwesigwa wakaja kutiwa hatiani kwa baadhi tu ya makosa Desemba 2019, adhabu ikawa faini. Aveva na Kaburu walikaa ndani zaidi ya miaka miwili, na mwaka 2021 mahakama ikawaachia huru. Hebu fikiria ingekuwa mchezaji. Miaka miwili mahabusu kwa mshambuliaji wa miaka ishirini na saba ni nusu ya maisha yake ya mpira. Anatoka huru, miguu imeshazeeka.

Ndiyo maana nasema kwetu tatizo hili lina sura yake. Wenzetu wanabishana kuhusu kumsimamisha mchezaji wakati kesi inaendelea kwa miezi. Sisi tunajua sentensi ya "upelelezi bado haujakamilika", tunajua kesi inayoahirishwa mara thelathini. Ukitunga kanuni ya kumsimamisha mtu "mpaka kesi iishe", kwanza uulize kesi zenu zinaisha lini.

Haya, tuvuke maji.

Kisa cha zamani kinachotajwa sana ni cha Chicago. Mwaka 1919 timu ya baseball ya White Sox ilifungwa fainali na Cincinnati, na ikanong'onwa kwamba wachezaji walihongwa na wacheza kamari. Septemba 1920 baraza la mahakama likawashtaki wachezaji wanane. Mmiliki wa timu, Charles Comiskey, akawasimamisha palepale wale saba waliokuwa bado na timu, huku zimebaki mechi tatu tu na White Sox wakiwa kwenye mbio za ubingwa. Ubingwa ukapotea. Tarehe 2 Agosti 1921 wazee wa baraza mahakamani wakasema hawana hatia. Kesho yake, msimamizi mpya wa baseball, Jaji Kenesaw Landis, akawafungia wote wanane maisha. Alichosema kwa ufupi ni kwamba mahakama ina mambo yake na mchezo una mambo yake. Mmoja wao, Joe Jackson, alikufa mwaka 1951 akiwa bado kifungoni kimichezo. Jina lake lilitolewa kwenye orodha ya waliofungiwa Mei 2025. Karne nzima na miaka mitatu ya nyongeza!

Kutoka pale Wamarekani hawajawahi kukubaliana. Kobe Bryant alishtakiwa kwa ubakaji Julai 2003, na msimu mzima wa 2003-04 aliendelea kucheza. Kuna siku alikuwa mahakamani Colorado mchana, akapanda ndege, usiku akaifungia Lakers vikapu. Septemba 2004 mashtaka yakafutwa kwa kuwa mlalamikaji hakuwa tayari kutoa ushahidi, wakamalizana baadaye kwenye kesi ya madai. Wapo waliosema, mnaona, angesimamishwa angeonewa. Wapo waliosema, mnaona, binti wa watu alizomewa nchi nzima huku mtuhumiwa anashangiliwa kila usiku, nani angebaki na moyo wa kutoa ushahidi? Wote wawili nawaelewa, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Miaka kumi baadaye, Septemba 2014, Adrian Peterson wa Minnesota Vikings alishtakiwa kwa kumchapa fimbo mwanawe wa miaka minne mpaka kumjeruhi. Kwetu hapa wengine mtaguna, fimbo tu? Lakini someni namna klabu ilivyoyumba. Kwanza ikamweka nje mechi moja. Siku tatu baadaye ikatangaza kumrudisha. Mdhamini mmoja akasitisha udhamini, na muda mfupi baadaye klabu ikageuka tena, akawekwa kwenye orodha maalumu ya ligi, hachezi lakini mshahara anapokea wote. Hakimu alikuwa hajasema neno lolote jipya siku zile tatu. Aliyesema ni mdhamini. Hili ndilo naliogopa hata hapa kwetu. Pasipo na kanuni, anayeamua ni mwenye fedha, au mwenye kichwa kikubwa cha habari. Na mwenye kichwa cha habari wakati mwingine ni mimi.

Uingereza kila klabu ina lake. Steven Gerrard alishtakiwa kwa fujo za kilabuni Desemba 2008, akaendelea kuichezea Liverpool, Julai 2009 akaonekana hana hatia. Adam Johnson wa Sunderland alikamatwa Machi 2015 kwa makosa ya ngono na msichana wa miaka 15. Klabu ikamsimamisha wiki kama mbili, ikamrudisha, akacheza karibu mwaka mzima. Februari 2016 akafika mahakamani na kukiri baadhi ya makosa, mwezi uliofuata akahukumiwa miaka sita. Mtendaji mkuu wa klabu akajiuzulu. Halafu kuna Benjamin Mendy wa Manchester City. Alishtakiwa kwa ubakaji Agosti 2021, klabu ikamsimamisha na kumkatia mshahara. Mpaka Julai 2023 mabaraza mawili ya mahakama yalikuwa yameshamwona hana hatia kwenye mashtaka yote. Akaidai klabu zaidi ya pauni milioni 11 za mishahara, na Novemba 2024 baraza la kazi likasema sehemu kubwa ya madai yake ni halali. Tafsiri yangu ni kwamba unaweza kumweka mtu benchi kwa sababu ya kesi, ila kumnyima mkate kwa sababu hiyohiyo ni jambo jingine.

Waliojaribu kuandika kanuni ya wazi ni Waaustralia wa ligi ya raga, NRL. Februari 2019, baada ya mfululizo wa kesi, wakaamua hivi: mchezaji akishtakiwa kwa kosa ambalo adhabu yake ya juu ni miaka 11 au zaidi, anakaa nje moja kwa moja. Kwa makosa madogo zaidi, msimamizi wa ligi anapima mwenyewe. Anayekaa nje analipwa mshahara wote, anafanya mazoezi na wenzake, na tamko linasema wazi kwamba hajahukumiwa kitu. Wa kwanza kukutwa na kanuni hiyo alikuwa Jack de Belin wa St George Illawarra, aliyeshtakiwa Desemba 2018. Akaenda mahakama ya shirikisho kuipinga, Mei 2019 akashindwa. Kesi yake ya jinai ikasikilizwa mara mbili, na mara zote mbili wazee wa baraza walishindwa kukubaliana. Mei 2021 waendesha mashtaka wakaiacha. Alikosa misimu miwili mizima, 2019 na 2020, bila hatia kuthibitishwa. Mshahara alipata, miaka haikurudi.

Kwa hiyo hata kanuni nzuri ina anayelia.

Turudi Afrika. Oscar Pistorius, baada ya kumpiga risasi mpenzi wake Februari 2013, alipewa dhamana, na jaji akalegeza masharti akaruhusiwa kusafiri nje kushindana. Hakushindana hata mara moja. Jirani zetu Kenya walikuwa na Samuel Wanjiru, Mkenya wa kwanza kutwaa dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, Beijing 2008. Desemba 2010 alishtakiwa kwa kutishia kumuua mkewe na kumiliki bunduki ya AK-47 kinyume cha sheria. Alipewa dhamana, mke akaondoa malalamiko yake, na tarehe 15 Mei 2011 Wanjiru akafa kwa kuanguka kutoka roshani ya nyumba yake Nyahururu, akiwa na miaka 24. Kila nikikumbuka kisa hiki najiuliza kama swali letu la "acheze au asicheze" si dogo mno. Palikuwa na nyumba inayoungua, na sisi wote tulikuwa tunauliza kama atakimbia London.

Sasa tuangalie sheria zetu zinasemaje, maana wengi tunadhani hazisemi kitu. Katiba ya nchi, ibara ya 13(6)(b), inakataza kumtendea aliyeshtakiwa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitishwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 37(5), inamzuia mwajiri kumwadhibu au kumfukuza mfanyakazi aliyeshtakiwa jinai kwa jambo lilelile mpaka mahakama iamue, rufaa ikiwamo. Mtumishi wa umma naye akishtakiwa anaweza kusimamishwa kwa nusu mshahara, akishinda anarudishiwa nusu yake iliyoshikiliwa. Yaani mwalimu wa Matombo au karani wa Mvomero ana utaratibu unaomlinda. Mchezaji wa ligi kuu mwenye mkataba wa ajira anaweza kujaribu kushika kifungu hichohicho.

Bondia hana pa kushika. Bondia hana mshahara. Analipwa pambano kwa pambano, mkataba na promota, leo Diamond Jubilee, kesho hajui. Ukimwambia "kaa nje na mshahara wako wote", mshahara upi? Kwake kusimamishwa na kufungiwa ni kitu kimoja. Vivyo hivyo mkimbiaji anayeishi kwa zawadi za mashindano, na yule winga wangu wa Msamvu aliyekuwa akipewa posho ya nauli na chakula. Kanuni ya NRL inafaa kwa tajiri. Ukiihamishia Morogoro kama ilivyo, unamkata mtu tumbo.

Nikiwa nyumbani nilipanda mlimani kumwona mjomba wangu. Kwa Waluguru, kama mjuavyo, ukoo ni wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Nikamweleza swali langu tukiwa tunakunywa chai. Akacheka. Akaniambia ujanani mwake palikuwa na mpiga ngoma hodari pale kijijini, akatuhumiwa kuiba mbuzi wa jirani. Ikakaribia shughuli. Wazee wakajadili, mwenye mbuzi hatakuja kwenye ngoma inayopigwa na aliyemwibia, lakini na huyu hatujui kama kaiba. Wakamwambia mpiga ngoma akae nyumbani siku hiyo. Ila chakula na pombe, fungu lake la mpiga ngoma, vikapelekwa mpaka mlangoni kwake.

"Na kesi ilikwishaje, mjomba?" nikamuuliza.

"Wiki ileile, mpwa wangu. Wazee hawakulala mpaka mbuzi ajulikane kaenda wapi. Ungemweka mtu nyumbani mwaka mzima, ungempelekea fungu la nani?"

Sisemi hiyo ni mila ya Waluguru wote, ni kisa cha kijiji kimoja. Lakini nilishuka na daladala nikikitafakari mpaka mjini. Wazee wale walifanya mambo matatu kwa pamoja: walimheshimu aliyelalamika, walimlisha aliyetuhumiwa, na waliharakisha. Chicago walifanya la kwanza tu. Lakers walisahau la kwanza. Waaustralia walijitahidi la kwanza na la pili, la tatu likawashinda. Sisi ligi zetu na kamisheni zetu hatujaandika hata moja.

Maoni yangu basi, na mnaruhusiwa kunipinga.

Kwanza, iwepo kanuni iliyoandikwa kabla kesi haijatokea, ijulikane kosa gani linamweka mtu nje na lipi halimweki. Kwa tuhuma za kuua, kubaka au kumjeruhi mtu vibaya, naona ni haki akae nje. Na bondia anayeshtakiwa kwa kupiga mtu ni kesi ya pekee, maana leseni yake ni ya kupiga. Kwa wizi wa pikipiki, acheze. Mpira hauhusiani na pikipiki.

Pili, anayewekwa nje apate fungu lake. Kwa mwenye mshahara ni rahisi. Kwa mabondia, ziko ada zinazokatwa kila pambano, kiasi fulani kitengwe, hata kama ni pesa ya unga na mafuta. Tena ziandikwe tarehe. Kila baada ya miezi mitatu kamati ikae itazame upya, kwa sababu ya kesi zetu tunazozijua.

Tatu, mlalamikaji asiachwe peke yake. Klabu ikiwa na ofisa wa kumsindikiza mchezaji mahakamani, basi na mashabiki wake waambiwe wazi kwamba anayemtishia shahidi anafungiwa uwanja. Yule meneja wa baa pale Morogoro aliishi miezi saba kwenye mji ambao wavulana wote, mimi nikiwamo, walikuwa upande wa aliyemshtaki. Sijui kama mahakamani alikwenda na nani. Sikuwahi kuuliza.

Nne inatuhusu sisi waandishi. Ukiandika ameshtakiwa, una deni la kuandika imekwishaje, kwa ukubwa uleule na ukurasa uleule. Mhariri akisema nafasi ni finyu, bishana naye. Mimi sikubishana.

Mwenye pikipiki naye, kama mnataka kujua, hajaipata mpaka leo. Nilimtafuta kabla sijaondoka. Ni mzee wa Kihonda, sasa anatembea kwa miguu kwenda shambani. Aliniambia hana hakika hata kidogo kama aliyeshtakiwa ndiye aliyeichukua, yeye alitaka pikipiki yake tu. Kwa hiyo ile kesi ilimnyang'anya mmoja mpira, haikumrudishia mwingine chochote.

Jumatatu asubuhi, kabla ya basi la Dar, nilipita tena Msamvu nikiwa na nakala ya hati ya mahakama inayosema kesi imefutwa, nimeigonga muhuri. Nikampa yule kijana ampelekee mama yake. Akaisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaiweka chini ya meza yake pamoja na chaja. Akaniuliza kama naweza kuiandika sasa, hata kama ni miaka imepita.

Nimeiandika, ndiyo hii. Jina sijaliweka kwa sababu yeye mwenyewe hataki tena. Ila wewe uliyekuwa Jamhuri miaka ile, unayemkumbuka winga wa kushoto mwenye mbio, ukapata kusikia kwamba ni mwizi wa pikipiki: kesi ilifutwa.

Haya, uwanja ni wenu.